Mkuki wa kusini si wa kuonewa huruma

Tangu shule ya msingi nimekuwa nikisikia sentensi moja kuhusu watu wa kusini: walikwenda kupambana na bunduki za Wajerumani kwa mikuki na maji. Anayeisema huwa anasikitika. Hutikisa kichwa, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Mimi ni mzaliwa wa Ruangwa, nimekulia kati ya huko na Lindi mjini, na sentensi hiyo inaniuma kwa sababu inawafanya wazee wetu waonekane kama watu waliokuwa hawajaiona bunduki maishani mwao. Waliiona. Waliinunua, waliimiliki, waliwindia tembo, na yote hayo kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa Kilwa. Mkuki walioushika katika vita vya Maji Maji mwaka 1905 ulikuwa silaha yenye kazi yake, na wao waliijua kazi hiyo kuliko sisi tunaowahurumia.

Tuanze na bunduki, maana bila hiyo mkuki hauelezeki. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa milango ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu na watumwa waliteremka pwani. Nguo, shanga, baruti na bunduki vilipanda bara. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekaa Luagala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, alikuwa na watu wenye bunduki. Mwaka 1890 alimjibu Wissmann, kamishna wa Ujerumani, kwa barua ya Kiswahili akikataa kumtii, na Wajerumani walihangaika naye miaka mingi mpaka alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwaka 1899. Huyo si mtu wa kuambiwa bunduki ni kitu gani.

Lakini bunduki zenyewe zilikuwa za aina gani? Nyingi zilikuwa za kushindilia mdomoni: korofindo, gumegume, gobore. Unamimina baruti, unaweka kitambaa au makumbi, unashindilia kwa mdeki, unatia goroli au vipande vya chuma, unashindilia tena, ndipo unaweka fataki, au baruti kidogo kwenye kitundu cha pembeni kama ni gumegume. Hata mwenye mkono mwepesi hutumia nusu dakika hivi. Mvua ikinyesha baruti inalowa na kazi imekwisha. Sasa fikiria adui aliye mita mia moja. Nusu dakika hiyo inamtosha kukufikia, na ukiwa umeshika gobore tupu huna tofauti na mtu aliyeshika mchi. Ndiyo maana bunduki na mkuki vilikwenda pamoja. Bunduki ilifungua shauri, mkuki ukalimaliza.

Ukilishika hilo, hata maji ya mganga Kinjikitile Ngwale unayaelewa kwa namna nyingine. Dawa ile iliyotolewa Ngarambe iliahidi kwamba risasi zitageuka maji. Ahadi ya namna hiyo hutolewa kwa watu wanaoijua risasi vizuri na wanaojua ni nini hasa kinachowazuia kumfikia adui. Wamatumbi hawakuishia kwenye dawa pia. Walikuwa na mazoezi ya kivita waliyoyaita likinda. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iliyolimwa kwa shuruti ya Wajerumani iling'olewa Nandete, tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na mwezi huohuo boma la Liwale likateketezwa. Mikuki na magobore yalikuwemo katika hayo yote.

Kilichobadilisha hesabu ni Maxim, ile ambayo wazee waliiita bombomu. Tarehe 30 Agosti, pale Mahenge, maelfu ya wapiganaji walilikabili boma lenye bunduki hizo. Mkuki huishi katika pengo lililopo kati ya risasi na risasi. Bunduki inayotoa zaidi ya risasi 500 kwa dakika haina pengo. Hapo hakuna ujasiri wala ufundi wa mkono utakaokusaidia, na hakuna jeshi la Ulaya ambalo lingefanikiwa zaidi kwa kukimbilia mdomo wa Maxim likiwa na mikuki. Miaka kumi baadaye huko Ufaransa vijana wa Kizungu walianguka kwa makundi katika hali ileile. Baada ya hapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Wao walipoteza Wazungu 15. Kwa upande wetu, makadirio yao wenyewe yalisema watu 75,000, na wanahistoria wa Tanzania wamefikia 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa. Mkuki hauhusiki na idadi hiyo. Njaa ilipangwa.

Nimeona mkuki ukitengenezwa, na napenda kulieleza hilo polepole kwa sababu sijaliona likiandikwa. Mhunzi ninayemzungumzia ana kibanda chake kando ya barabara iendayo Masasi. Hufua majembe, visu, mashoka na mara chache mkuki, mtu akiagiza. Chuma chake ni springi ya gari, ule ubapa wa chini ya lori, kwa sababu ni chuma kigumu kinachokubali kunolewa na hakikunjiki ovyo. Mifuo ya ngozi hana tena. Ana gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda na kuzungusha feni ndogo inayopuliza mkaa. Mkaa ukishakuwa mweupe katikati, anaingiza kipande cha springi, anangoja kiive rangi ya chungwa, anakitoa kwa koleo na kukiweka kwenye fuawe.

Anaanza na bapa. Anapiga kingo mbili kuzikondesha na anaacha mgongo mnene katikati, kuanzia shingoni hadi karibu na ncha. Mgongo huo ndio unaozuia mkuki usipinde unapogonga mfupa. Kisha anageukia nyuma, na hapo ndipo fundi hujulikana. Anakipanua chuma kikawa chembamba na kipana, anakizungushia chuma kingine kilichochongoka, na kukikunja taratibu kwa nyundo ndogo mpaka kinakuwa tundu la kuchomekea mti, lenye mshono ulio wazi upande mmoja. Nilimuuliza kwa nini haufungi mshono ule. Akanijibu bila kuacha kupiga: "Mwanangu, mti unavimba masika na kusinyaa kiangazi. Ukifunga, utapasuka. Acha chuma kipumue." Kuna njia nyingine, ya kuacha mkia mwembamba unaochomwa moto na kupigiliwa ndani ya mti, halafu mti unafungwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hubana. Yeye haipendi. Anasema mkia hupasua mti siku ya kazi, si siku ya majaribio.

Mti wenyewe una mambo yake. Watu wengi wakisikia Lindi na Mtwara hufikiria mpingo, lakini mpingo haufai. Ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na hauna mnepo. Kinachotafutwa ni mche mzima ulionyooka, mkole kwa mfano, uliokatwa na kumenywa magome, usiopasuliwa kutoka kwenye gogo. Mche mzima una nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka shina hadi ncha. Ubao wa kupasua una nyuzi zilizokatwa njiani, na hapo ndipo huvunjika. Ukiwa bado mbichi unapitishwa juu ya moto na kunyooshwa kwenye panda ya mti, kidogo kidogo, huku fundi akifumba jicho moja kuuangalia urefu wake. Mti huo siku hizi wengi tunauita mpini tu. Jina lake la zamani ni uti wa mkuki.

Na majina ya mikuki yenyewe? Kiswahili kinayo, ila tumeyaacha yakalala kwenye kamusi. Fumo ni mkuki wenye bapa pana, na ndilo neno lililokuwa pia jina la heshima la watawala wa pwani ya kaskazini, kama Fumo Liyongo. Sagai ni mkuki mwepesi wa kurusha. Chusa ni wa baharini, nitaurudia. Mkonzo ni mti uliochongwa ncha na kukazwa kwa moto, usio na chuma kabisa, na pengine ndio mkubwa wa ukoo huu wote: ncha ya mkuki wa mti iliyookotwa Clacton, Uingereza, mwaka 1911 inakadiriwa kuwa na miaka 400,000. Watu walikuwa wakichonga mkuki kabla ya kufua chuma, kabla ya kufinyanga chungu, kabla ya kulima.

Urefu wa silaha hufuata ardhi. Wamasedonia wa Alexander walibeba mikuki ya mita nne hadi sita, wakaishika kwa mikono miwili, wakajipanga bega kwa bega kwenye uwanda. Jaribu kupita na mti wa mita sita katika vichaka vya Newala. Hutafika mbali. Wamakonde walivitunza vichaka vile kwa makusudi. Makazi yalizungukwa na miti ya miiba na njia nyembamba za mtu mmoja mmoja, na mvamizi alilazimika kuingia akiwa ameinama. Katika njia hiyo mkuki mfupi, kisu na mshale vina maana. Silaha ndefu inakwama kwenye matawi.

Waliolazimisha vichaka hivyo kuwa ngome ni Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara. Hao walikuja na aina yao. Mababu zao waliondoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya enzi za Shaka, na kundi la Zwangendaba likavuka Zambezi Novemba 1835. Walileta ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa bapa pana usiorushwa, unaochomwa kwa mkono mkiwa mmekaribiana kabisa. Aliyezoea kurusha mkuki hubaki mikono mitupu baada ya kuurusha. Mwenye mkuki wa kuchoma anabaki nao. Ni tofauti ndogo kuieleza, lakini ilibadilisha ramani kutoka Natal hadi Songea. Septemba 1882 walifika Masasi, wakaivamia misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana, ambayo Askofu Steere aliianzisha mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Nalisema hili bila kuficha kwa sababu naupenda mkuki kama kazi ya mikono, lakini najua ulitumika kufanya nini. Waliokufa Masasi walikuwa watu waliokwisha kutoka utumwani mara moja.

Baharini mambo ni mengine. Chusa haikusudii kuua papo hapo. Kichwa chake kina ndoano na kimefungwa kamba, na kikishaingia kwenye mnyama hujitenga na mti. Mti unaelea, kamba inakwenda na mnyama, mvuvi anamwacha achoke. Zamani ulitumika kwa taa wakubwa, kasa na nguva. Kasa na nguva sasa wamelindwa kisheria, na ni sawa, maana nguva wamebaki wachache mno. Kwa samaki wa kawaida mvuvi wa mkuki ana somo jingine la kujifunza: asilenge pale anapomwona. Maji hupinda mwanga, na samaki huonekana yuko juu kuliko alipo. Watoto wa Mikindani wanalijua hilo kwa mkono kabla mwalimu wa fizikia hajalichora ubaoni.

Na pweza. Wakati wa bamvua, maji yakipwa hadi mwamba ukawa wazi, wanawake kwa wanaume huenea juu ya miamba kuanzia Songosongo hadi Msimbati wakiwa na fimbo zenye ncha ya chuma. Hawakimbii. Wanatafuta tundu ambalo mlangoni pake kuna maganda ya kaa na mawe madogo yaliyopangwa. Hiyo ni alama kwamba mwenye nyumba yumo. Chuma kinaingia taratibu, kinagusa, pweza anakishika mwenyewe kwa mikono yake, na hapo ndipo kinasukumwa. Nimesimama pembeni ya mama mmoja aliyekuwa akifanya hivyo na nikatambua kwamba yeye hasikilizi kwa masikio. Mti ndio unaomletea habari kutoka ndani ya mwamba mpaka kwenye kiganja. Anatofautisha jiwe, mwani na nyama kwa mtetemo tu. Sidhani kama kuna mtu mwingine kusini leo mwenye ustadi mkubwa zaidi wa silaha ya mti mrefu kuliko wanawake hawa, na hakuna anayewaita mabingwa wa mkuki.

Bara, mkuki umebaki kwa sababu ya nguruwe. Nguruwe pori akiingia kwenye mihogo au mahindi usiku mmoja, familia imepoteza miezi. Husakwa kwa mbwa na nyavu, na watu wenye mikuki husimama nyuma ya wavu. Ni kazi ya hatari. Nguruwe aliyechomwa harudi nyuma. Anakuja mbele, anausukuma mkuki umpite mwilini ili akufikie. Huko Ulaya wawindaji waliongeza kipande cha chuma cha kukingama nyuma ya bapa kumzuia asipande kwenye mti. Huku kwetu kinachozuia ni mwenzako: mmoja anachoma, wa pili anachoma upande mwingine, wa tatu anashika mguu. Methali inasema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliyeitunga alikuwa analijua shamba.

Babu yangu mzaa mama aliuweka mkuki wake nyuma ya mlango, ncha juu, na sisi wajukuu tulikatazwa kuugusa. Niliukuta hapo nikiwa mdogo, na nilielewa sababu nilipokua, katika miaka ile ya simba. Wenyeji wa Lindi wanaikumbuka bila kuambiwa. Kuanzia mwaka 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba waliua zaidi ya watu 563 Tanzania, na pwani ya kusini ndiyo iliyoumia sana. Watafiti walioichunguza waliona kwamba mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, na kwamba nguruwe pori ndio waliokuwa wakiwavuta simba mashambani. Mkulima analala kwenye dungu kulinda mahindi dhidi ya nguruwe, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Kijijini hakukuwa na bunduki zaidi ya moja au mbili za kibali. Kilichokuwepo kila nyumba ni panga, shoka na mkuki, na wanaume walitoka usiku na hivyo. Babu alikuwa mmoja wao. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini aliniambia jambo moja kuhusu mkuki ambalo nimelishika: usiuinue juu ya bega kwa simba, uchimbie kisigino cha mti ardhini, elekeza ncha, mwache uzito wake mwenyewe umletee. Askari wa miguu wa Ulaya walifanya hivyohivyo dhidi ya farasi.

Nilipokuwa sekondari tuliurusha mkuki wa michezo, mwanzi tuliouchonga wenyewe kwa sababu wa kweli haukuwepo. Ule rasmi wa wanaume una gramu 800 na urefu usiozidi mita 2.70. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliurusha mita 104.80, ukakaribia kutoka nje ya uwanja, na kuanzia 1986 kitovu cha uzito kikasogezwa mbele sentimita nne ili ncha iiname mapema. Julius Yego wa Kenya aliurusha huo wa sasa mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Sentimita nne tu zimebadilisha mchezo mzima, na mhunzi wangu wa njia ya Masasi anafanya hesabu hiyohiyo kwa kuuweka mti juu ya kidole kimoja.

Kuna mkuki mmoja zaidi ambao hatuuhesabu. Oktoba 1917, Mahiwa na Nyangao, hapa hapa Lindi, majeshi ya Waingereza yenye askari wa Nigeria na King's African Rifles yalipambana siku nne na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Bunduki zilikuwa za kisasa, na kila bunduki ilikuwa na singe. Bunduki yenye singe ni mkuki: mti wa kushika kwa mikono miwili, chuma mbele. Miaka 12 tu baada ya watu wetu kuchekwa kwa kushika mikuki, majeshi ya Ulaya yalikuwa yakichomana kwa chuma kilekile kwenye nyasi zetu.

Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji ukiwa haujatua vizuri, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya Wamakonde, Wayao, Wamakua na wengineo, akavisafirisha Ujerumani. Mjadala wa kurudisha mali zetu unaendelea na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini vikirudi, visije vikawekwa ndani ya kioo na kibandiko kinachosema "mkuki" na mwaka, basi. Kibandiko kiseme bapa ni refu kiasi gani, kama chuma kina tundu au mkia, uti ni wa mti gani, uzito ni kiasi gani na unakaa wapi, ulikuwa wa nguruwe, wa samaki au wa mtu.

Kama kwenu Liwale, Nachingwea, Nanyumbu au Tandahimba kuna mkuki nyuma ya mlango, usingoje Leipzig. Upime kwa futi ya fundi, uupime kwenye mizani ya dukani, uuweke juu ya kidole uone unapolala sawa, uandike. Halafu muulize mzee jina lake kwa Kimwera, Kingindo, Kimakua au Kimakonde kwanza, na Kiswahili baadaye. Jina la kila sehemu: ncha, kingo, mgongo, tundu, uti na kisigino. Na umuulize aliyeufua alikuwa nani.